Majarida ya Zamani Kolwezi: Yapi Yatoke, Yapi Yabaki

Mwezi wa Agosti, kabla mvua hazijarudi, nyumba nyingi za Kolwezi hutolewa vitu nje. Magodoro huegemezwa ukutani, sufuria husuguliwa kwa mchanga, na kila kilichosahaulika nyuma ya kabati huonwa na majirani. Nyumbani kwa baba mkubwa, mtaa wa Kapata, kitu cha mwisho kutoka kilikuwa sanduku la bati. Vijana wawili walilibeba, na hata wao wakaguna. Ndani hamkuwa na nguo. Mlikuwa na karatasi tu: majarida ya kampuni ya miaka ya 70 na 80, kurasa za michezo zilizokatwa kwa wembe, picha za mitindo ya nywele kutoka jarida la Amina, rundo la Amkeni! na Mnara wa Mlinzi ingawa nyumba ile ni ya Wakatoliki, kalenda za bia, na chini kabisa bahasha ya kaki iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Mchwa walikuwa wameshapita kwenye kona moja, wakaacha udongo wao mwekundu kama saini.

Mama mkubwa alitaka lote lichomwe moto siku hiyohiyo. Baba mkubwa akavuta kiti chake cha plastiki, akaketi mbele ya sanduku.

"Hapana kutupa," akasema. "Habayanilipa bado."

Ukisikiliza haraka, utaona jibu haliendani na hoja. Mke anazungumzia mchwa, mume anazungumzia deni. Lakini katika mji huu karatasi na deni hukaa sanduku moja, na ndiyo sababu mawaidha ya kupunguza vitu nyumbani, yanayotolewa siku hizi kila mahali, yakifika huku hukosa pa kushika. Mjapani Marie Kondo, ambaye kitabu chake cha kupanga nyumba kilitoka mwaka 2011 na kuenea dunia nzima, hufundisha kukishika kila kitu mkononi na kujiuliza kama kinakupa furaha. Kuhusu makaratasi ni mkali zaidi: kwake, msingi ni kutupa yote, isipokuwa machache yenye kazi. Ushauri huo unamfaa mtu anayeishi penye ofisi inayotunza faili lake. Akipoteza karatasi, anakwenda dirishani, anapewa nakala. Mstaafu wa mgodi wa Kolwezi hana dirisha hilo. Yeye mwenyewe ndiye ofisi, na sanduku la bati ndilo kabati la mafaili.

Inafaa kueleza jinsi tulivyofika hapa, maana karatasi hizi hazikuingia nyumbani zenyewe. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na Kolwezi ikazaliwa mwaka 1937 kama mji wake wa upande wa magharibi. Kampuni ile haikuajiri mtu tu; ilimchukua pamoja na nyumba yake. Ilimpa kambi, hospitali ya kuzalia, shule ya watoto, posho ya unga, na mwishowe sanduku la kuzikiwa. Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa na karatasi yake: kadi ya kazi, namba ya mfanyakazi, kadi ya posho, cheti cha kliniki. Mwaka 1957 ikaja na jarida, Mwana Shaba, jina la Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu kambini. Baadaye likapata mdogo wake, Mwana Shaba Junior, lenye hadithi za katuni kwa watoto. Mwanzoni mwa 1967 serikali ilipoitwaa kampuni, ikaja kuwa Gécamines, jarida halikukoma. Liliendelea kuonyesha nani amepanda cheo, nani amefikisha miaka 25 kazini, timu ipi imeshinda, na kwa nini kofia ngumu isivuliwe chini ya shimo.

Kwa hiyo familia ya mchimbaji ilizoea kuona sura zake zimechapwa. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Fikiria Kolwezi ilivyo katika magazeti ya nje. Mwezi Mei 1978, wapiganaji waliotoka Angola walipouingia mji tarehe 13 na askari wa miamvuli wa Ufaransa wakaangukia juu yake tarehe 19, majarida ya Ulaya yalijaa picha za Kolwezi, na miaka miwili baadaye Wafaransa wakaitengenezea filamu. Halafu kimya. Mji ukaja kurudi magazetini karne mpya ilipoingia, safari hii kama mahali pa kobalti na watoto wanaochimba. Vita na shimo, basi. Katikati hapo kuna zaidi ya miaka ishirini ya watu walioamka, wakapanda basi la zamu, wakaoa, wakacheza mpira, wakasomesha. Miaka hiyo dunia haina habari nayo. Imo katika masanduku ya bati.

Sasa, hoja ya deni. Katikati ya miaka ya 80 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka na kuajiri watu zaidi ya 30,000. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini kwa chini wa Kamoto, papa hapa Kolwezi, ikaporomoka. Zikafuata ghasia za uporaji za 1991, kisha kufukuzwa kwa Wakasai mwaka 1992 na 1993, wafanyakazi wenye ujuzi wakalala na familia zao kwenye stesheni za Kolwezi na Likasi wakingoja treni. Mwaka 1994 shaba ilishuka chini ya tani 50,000. Mishahara ikachelewa miezi, halafu miaka. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa "kuondoka kwa hiari", na wengi wao wanadai hadi leo kwamba hesabu waliyopewa siyo ile ambayo sheria na mkataba wao wa kazi viliwaahidi. Walijikusanya, wakaandika barua, wakaenda mahakamani. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa ameshakiita kitabu chake cha 2001 kwa jina linalowahusu: wana wa shaba waliotelekezwa na baba yao.

Mtoto aliyetelekezwa hutunza kila ushahidi kwamba alikuwa na baba. Hapo ndipo jarida la zamani linapoacha kuwa jarida. Picha ya kikosi cha karakana mwaka 1983, yenye majina chini yake, ni ushahidi kwamba ulikuwepo, ulifanya kazi ile, mwaka ule. Mahakama huenda isiutazame. Lakini mtu ambaye faili lake limepotea hawezi kuchagua ushahidi kwa kujivuna. Anashika ulio karibu.

Kuna la majina pia, ambalo vijana hawalijui vizuri. Mwaka 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi na Jadotville ikawa Likasi. Mwanzoni mwa miaka ya 70 nchi ikawa Zaire, Katanga ikawa Shaba, na watu wakaamriwa kuacha majina ya ubatizo. Mwaka 1997 Katanga ikarudi; mwaka 2015 ikakatwa vipande vinne na Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba. Mtu mmoja anaweza kuzaliwa kwa jina moja katika mkoa mmoja, akaajiriwa kwa jina jingine katika mkoa mwingine, akastaafu kwa la tatu, bila kuhama mtaa. Ukurasa unaomtaja kwa jina la kwanza na ukurasa unaomtaja kwa jina la pili, zikiwa pamoja, hueleza jambo ambalo kila mmoja peke yake hauwezi.

Nimesema vya kutosha upande wa baba mkubwa. Mama mkubwa naye ana hoja, na ninaona hoja yake huchukuliwa kijuujuu mno kwa sababu ni hoja ya mwenye ufagio.

Karatasi hukamata vumbi, na vumbi la Kolwezi si la kuchezea. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba chini ya mtaa wa Kasulo kuna madini ya kobalti, na watu wakaanza kuchimba uani, kisha sebuleni, wengine ndani ya vyumba vya kulala. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Célestin Banza Lubaba Nkulu akiwa mmoja wao, pamoja na wenzao wa Leuven nchini Ubelgiji, waliwapima wakazi wa Kasulo na kuwalinganisha na watu wa mtaa wa jirani usiochimbwa. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kobalti nyingi zaidi katika mkojo na damu ya watu wa Kasulo, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Mtoto ndiye anayetambaa sakafuni, ndiye anayelamba vidole. Sasa weka rundo la majarida kimo cha goti kwenye chumba wanacholala watoto wanne, rundo lisiloguswa tangu mwaka juzi, uniambie kama ni kumbukumbu tu. Ongeza mchwa, panya, na bati linalovuja kuanzia Novemba hadi Aprili. Nyumba za kambi zilijengwa kwa mfanyakazi na watoto wake wachache. Leo zinabeba vizazi vitatu. Kila sanduku linachukua mahali pa mtu kulala.

Na ziko karatasi zinazotunzwa kwa ajili ya kesho isiyokuja. New York, mtaa wa Harlem, mwaka 1947, polisi walilazimika kuvunja nyumba ya ndugu wawili wa ukoo wa Collyer. Homer alikuwa kipofu, na Langley, nduguye, alimwekea magazeti kwa miaka mingi ili siku akirudishiwa macho aweze kusoma yote yaliyompita. Wote wawili walikutwa wamekufa ndani ya malundo yale. Mmoja alikuwa ameangukiwa nayo. Kisa hiki husimuliwa kama cha wendawazimu. Mimi hunitisha kwa sababu ya upendo uliomo. Ni nani kwetu asiye na rundo analomtunzia mtu atakayekuja kusoma?

Kwa hiyo ugomvi wa nyumba ile si kati ya mwenye akili na mwenye ushamba. Kila mmoja anatetea uhai kwa namna yake. Njia ya kuutatua, kwa maoni yangu, ni kuliacha swali la furaha na kuuliza jingine: karatasi hii, ni nani mwingine anayo?

Ukiliuliza hilo kwa ukweli, rundo hupungua haraka kuliko unavyotarajia. Amkeni! na Mnara wa Mlinzi zilichapwa kwa mamilioni, ziende. Kalenda ziende. Amina iende, isipokuwa mama mkubwa aling'ang'ania ukurasa mmoja wa nywele, na sikuona sababu ya kumbishia. Habari za Tout Puissant Englebert kutwaa ubingwa wa Afrika 1967 na 1968, klabu tunayoiita Mazembe leo, ziko katika kila kitabu cha mpira. Ukurasa uende, hasa uliokwisha kuliwa. Pambano la Ali na Foreman la Oktoba 1974 halitasahaulika kwa sababu wewe umechoma gazeti. Hata Mwana Shaba lenyewe, toleo zima, safi, lisilo na alama, lilichapwa kwa wafanyakazi wengi, na nyaraka za Union Minière kwa sehemu kubwa zinatunzwa Brussels katika nyaraka za taifa za Ubelgiji. (Kwamba mjukuu wa mchimbaji wa Kapata anahitaji viza ili akazisome ni jambo jingine, nalo linastahili makala yake.)

Kinachobaki ni kile ambacho kalamu imekigusa. Katika sanduku lile tulikuta ukurasa wa Mwana Shaba unaofundisha namna ya kushika jeki. Somo lenyewe halina maana tena. Pembeni, kwa wino wa bluu, baba mkubwa alikuwa ameandika tarehe na saa aliyozaliwa binti yake wa tatu, uzito wake, na jina la mkunga. Karatasi iliyokuwa karibu usiku ule ilikuwa hiyo. Ukurasa mwingine ulikuwa na hesabu ya magunia ya unga ya mwaka mzima, bei zikipanda mwezi hadi mwezi mpaka sufuri zikakosa nafasi. Mwanauchumi angeweza kuandika sura nzima ya kitabu juu ya miaka ya mfumuko wa bei na asifikishe kilichofikishwa na ile safu ya tarakimu inayokunjamana kuelekea ukingo wa karatasi. Vitu hivyo havina nakala Brussels wala Kinshasa. Vikichomwa, vimekwisha.

Atakayedhani ninavikuza vitu vidogo aangalie mfano wa mwaka 1965. Mjini Élisabethville, mtu aitwaye André Yav, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani, alikusanya historia ya mji ule kwa Kiswahili cha huko, ikapigwa chapa na kutolewa nakala chache. Kwa kuitazama, ilikuwa karatasi hafifu yenye makosa ya mashine, ya wapishi na maboi. Robo karne baadaye, mwaka 1990, Johannes Fabian aliichapisha kama kitabu pamoja na tafsiri na maelezo, na leo mtu hawezi kuandika historia ya Katanga kwa uzito bila kuigusa. Haikunusurika kwa sababu ya thamani yake. Thamani ilionekana kwa sababu ilinusurika.

Mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, amekwenda mbali zaidi. Katika kazi yake iitwayo Mémoire, ya mwaka 2006, alichukua picha za zamani za wafanyakazi na mabwana wa mgodi, akawakata watu kutoka humo na kuwasimamisha juu ya picha za magofu ya viwanda vya leo. Ni kazi ya wembe ileile ya baba mkubwa. Baadaye alikuja Kolwezi na kuweka picha za mashimo ya wachimbaji wadogo kando ya mabango ya Kichina yanayopamba kuta za nyumba zao, yale yenye maporomoko ya maji na majumba yasiyo na watu. Hapo pana jambo la kutafakari kuhusu mji wetu: kizazi cha kwanza kilibandika ukutani ukurasa wenye sura zake, kizazi hiki kinabandika mahali ambapo hakijawahi kufika.

Vijana wa nyumba hujibu mjadala huu kwa neno moja: simu. Piga picha, tupa karatasi. Ushauri ni mzuri, na ninaufuata, lakini si kwa imani kamili. Simu huibwa kituoni, huanguka majini, huuzwa mwezi ukiwa mgumu, na picha 4,000 zisizo na majina ni rundo lilelile ambalo mchwa wake huwaoni. Ukipiga, basi mwambie mzee aseme kwa sauti ni nani yupo pichani, na umrekodi. Sisi tulifanya hivyo mchana mzima. Katika kikosi cha karakana cha watu kumi na mmoja, alikumbuka wanane, na kwa kila mmoja alijua alikokwenda: huyu alirudi Kasai, huyu alikufa, huyu yuko Solwezi ng'ambo ya mpaka na watoto wake. Ilionekana wazi kwamba alichotaka si karatasi. Alitaka mtu wa kumsimulia, na karatasi ilikuwa ikimngoja mtu huyo pamoja naye.

Pa kupeleka yanayostahili kutunzwa lakini yasiyoweza kukaa nyumbani si pengi, ila papo. Tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, wa watafiti wa chuo kikuu wakishirikiana na jumba la makumbusho la mji huo, umekusanya vitu na masimulizi ya watu wa kawaida wa miji ya mgodi. Kolwezi nayo ina chuo kikuu chake. Kabla ya kukabidhi, andika nyuma ya kila ukurasa jina la mtaa na jina la aliyeutunza. Mkusanyiko usio na mwenyewe hugeuka takataka mikononi mwa anayeupokea. Mengine yote yana wateja wao wa siku zote: mama anayefungia karanga, mwenye maandazi, mtoto wa shule anayetaka kufunika madaftari. Kwangu hilo si kudhalilisha jarida. Ukurasa ulioheshimiwa miaka arobaini ukamalizikia kwenye karanga za mtoto umestaafu vizuri kuliko wengi waliotajwa ndani yake.

Kuna haraka katika yote haya, wala haitokani na mvua. Kolwezi ni mji ambao nyumba yenyewe huweza kuondolewa juu ya ardhi. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta na familia zikahamishwa. Ripoti ya Amnesty International na shirika la IBGDH la hapahapa Kolwezi, ya Septemba 2023, ilieleza jinsi upanuzi wa mgodi wa COMMUS ulivyowaondoa watu mtaa wa Cité Gécamines. Siku ya lori hakuna anayechambua. Mtu hunyanyua kilicho juu, na kilicho chini hubaki. Afadhali uchambuzi ufanyike Agosti, uani, kwa ugomvi wa mke na mume, kuliko kufanywa na tingatinga.

Jua lilipokaribia kuzama tulikuwa na malundo matatu. La moto lilikuwa dogo, yale tu ambayo mchwa na mkojo wa panya viliyamaliza. La muuza karanga lilijaza mifuko miwili ya unga mitupu, na alikuja mwenyewe kuichukua, akapima uzito kwa mkono na kuacha karanga za bure kwa watoto. Lililobaki liliingia ndani ya ile bahasha ya kaki, ambayo ilibidi ifungwe upya kwa kamba ndefu zaidi. Baba mkubwa aliifunga mwenyewe, mafundo mawili, akamkabidhi mkewe.

Sanduku halikutupwa. Mama mkubwa aliliosha kwa sabuni ya kipande, akaliacha juani siku mbili, akapaka mafuta kwenye bawaba. Sasa linatunza unga wa bukari. Bahasha iko juu ya kabati, ndani ya plastiki, na kila baada ya majuma mawili huipangusa kwa kitambaa chenye maji.